Kupita Mbele ya Lango la Anaeli

Moshi mjini. Jumapili, 1 Agosti 1954.

Leo imetimia miaka thelathini na mmoja tangu nitoke Marangu. Niliondoka mwaka 1923, siku ya kumaliza matanga ya baba, nikiwa na sanduku moja na hasira. Sanduku limeliwa na mchwa. Hasira iko salama.

Naandika chanzo chake, nisije nikafa watu wakakisimulia vibaya. Mimi, Ebenezeri, karani mstaafu wa stesheni, ni mtoto wa kati. Kwetu mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba chake, shamba la kujenga na kulima, wa mwisho hurithi nyumba ya baba na migomba yake, na wa kati hupewa nasaha. Sikulalamika. Ila katika ukoo wetu mtoto wa kati ana haki moja: akichinjwa mbuzi, mbavu ni zake. Siku ile mdogo wangu Anaeli, mrithi mpya, kisu mkononi, alinipa shingo. Shingo! Mbele ya wajomba! Nikaapa kwamba sitakanyaga ardhi ya Marangu mpaka Anaeli ashuke mjini na jani la isale mkononi, aniombe radhi kama desturi inavyotaka. Mchagga akiletewa isale hana njia ya kukataa. Husamehe, na shauri halifufuliwi tena.

Hajashuka. Nami sijakanyaga.

Leo baada ya ibada dada yetu Eliaichi amekuja na mwaliko. Binti wa mwisho wa Anaeli anapata kipaimara Jumapili ya tarehe 22. Ukoo mzima utakuwepo. Eliaichi akasema nisipokwenda safari hii watoto wa kule watadhani mimi ni hadithi ya kuwatisha wasiolala. Nikamjibu kiapo ni kiapo. Akaniuliza, huku anamenya ndizi, kama kiapo changu kilikataza pia kupita barabarani.

Alikuwa anatania. Mimi sikucheka. Nimefikiri mchana kutwa.

Kiapo kinataja kukanyaga. Hakitaji magurudumu!

Mpango basi ni huu. Siku ya karamu nitapita mbele ya lango la Anaeli juu ya chombo chenye kasi na mngurumo, bila kusimama, mguu bila kugusa chini. Ukoo wote utatoka nje. Watauliza, ni bwana gani yule? Wataambiwa. Anaeli ataingiwa na aibu, na kabla ya Noeli atakuwa mlangoni kwangu na jani lake.

Mpango hauna tundu.

Jumanne, 3 Agosti.

Chombo kimepatikana! Pikipiki ya mbio, nyekundu, nyembamba, tangi refu la kung'aa. Ilikuwa ya kijana wa Kigiriki wa shamba moja la kahawa aliyekuwa akishindana Arusha kila Jumapili, hadi baba yake alipomrudisha kwao akaoe. Tangu hapo imelaliwa na kuku. Nimebadilishana na msimamizi wa shamba: yeye kachukua gramafoni yangu, mimi nimechukua pikipiki na kuku mmoja aliyekataa kushuka.

Mke wangu Eunike aliizunguka mara moja, mikono kiunoni. Akasema gramafoni ilikuwa ikiimba yeye amekaa. Hii itamwimbisha yeye, na wimbo utakuwa wa msibani.

Nimempata na fundi. Sadallah wa Majengo, fundi wa baiskeli, cherehani, saa za ukutani na, kwa maelezo yake mwenyewe, ndege, ikitokea ndege. Kila nimwambialo hunijibu, "Hilo dogo, mzee." Nampenda sana kijana huyu. Mimi nitatoa nadharia, kwani nimesoma sura yote ya mitambo katika kitabu kikubwa cha maarifa nilichoachiwa na stesheni masta. Yeye atatoa spana.

Alhamisi, 5 Agosti.

Kasoro ya kwanza. Usukani wa pikipiki ya mbio uko chini sana. Mpandaji hulala kifudifudi juu ya tangi kama mgonjwa anayesubiri sindano. Leo nimezunguka sokoni katika hali hiyo. Watu watatu wamenipa shikamoo, wote mgongoni. Nilijibu marahaba kuelekea gurudumu la mbele. Mwuza vitunguu aliuliza kwa huruma mzee anaumwa nini.

Mtu wa umri wangu hawezi kuaibisha mtu mwingine akiwa amelala. Nimemwagiza Sadallah anyanyue usukani. Hilo dogo. Amekata bomba la kitanda cha chuma, akalikunja, akalifunga. Sasa unapanda juu kama pembe za ng'ombe wa Kimasai, nami nimeketi wima, kofia yangu ya jua kichwani, kama ninavyostahili kuonekana. Kiti nacho hakikufaa, chembamba mno kwa mtu aliyekaa ofisini miaka ishirini na saba. Tumekitoa. Tumefunga mto wa kiti changu cha stesheni, wa ngozi, niliopewa siku ya kustaafu.

Sadallah akasema mashine imeboreka mpaka mwenyewe hataijua. Maneno ya kweli.

Jumamosi, 7 Agosti.

Leo tumetoa sailensa. Nadharia: mngurumo ni nusu ya heshima. Sadallah alipiga kiki, nami nikaanguka ndani ya pipa la maji. Sauti ya ajabu! Kama jiwe la kusagia linaloporomoka kwenye ngazi, na haliishi kuporomoka.

Mwanajuma, jirani yetu auzaye maandazi, alitoka na mwiko mkononi. Akasema kuku wake wameacha kutaga na jogoo wake amewika saa nane mchana, sasa hajui ale lini wala alale lini. Akaniuliza kama nina haraka ya kwenda mbinguni, na kama ninayo, basi niende kimya kama wenzangu. Nikamweleza habari za gesi na mkandamizo. Akasema gesi anaijua, mume wake wa kwanza alikuwa nayo.

Sadallah alicheka hadi akaangusha spana. Sikupenda.

Jioni Eunike kaniuliza nikishapita kwa Anaeli nitapata nini. Nikamweleza tena mpango wote, polepole. Akasikiliza. Kisha akasema: kwa hiyo mtu anatoka mjini hadi mlimani ili asifike?

Wanawake hawana nadharia.

Jumanne, 10 Agosti.

Jaribio la kupanda mlima. Sikuthubutu kwenda upande wa Marangu, nisije nikaonekana kabla ya wakati. Tulichagua barabara ya Kibosho, mbaya kuliko zote na yenye Wakatoliki wasionijua.

Balaa. Mashine ya mbio imetengenezwa kwa uwanja wa tambarare. Penye mwinuko wa kwanza ilikohoa, ikasimama, ikaanza kunirudisha Moshi kinyumenyume. Nilipita tena watu wale wale niliokuwa nimewapita, safari hii nikiwatazama usoni. Walinisalimu upya. Niliishia kwenye mfereji, juu ya majani ya ng'ombe ya mtu.

Sadallah, aliyekuwa akinifuata kwa baiskeli, akasema dawa ni gurudumu la meno lililo kubwa zaidi nyuma, linalovutwa na mnyororo. Analo moja, kaja nalo mgongoni, lililotoka kwenye mashine ya kusaga mahindi. Hilo dogo! Kwa kweli ni kubwa kama sinia. Tulilifunga pale pale.

Sasa inapanda chochote. Ingepanda ukuta. Tatizo ni kwamba imepoteza ile haraka. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita. Alinipa shikamoo kwa adabu wakati wa kunipita. Alisahau kitu nyumbani, akarudi, akanipa pole, kisha akanipita tena.

Nilihuzunika hadi karibu na mjini, ndipo nikaona jambo ambalo Sadallah asingeliona. Mtu apitaye kwa kasi huonwa na wachache, na vibaya. Apitaye polepole huonwa na wote, na kofia yake, na mto wake wa ngozi. Kasi si lengo! Kuonekana ndilo lengo! Meno ya mashine ya kusaga yatabaki.

Ijumaa, 13 Agosti.

Sikulala vizuri. Nimegundua tundu katika mpango usio na tundu. Ikizimika ndani ya Marangu, lazima mguu mmoja ushuke, la sivyo naanguka. Mguu ukishuka, kiapo kimekwisha. Nikianguka, kiapo kimekwisha kwa mwili mzima.

Jibu ni gurudumu la tatu. Kigari cha pembeni!

Sadallah alirudi kutoka msikitini akakuta nimeshachora. Hana kigari, lakini ana beseni la kuogea la bati, refu, ambalo Mzungu mmoja aliliuza alipohama. Mpaka magharibi likawa limefungwa ubavuni, na gurudumu la toroli chini yake. Tundu la kutolea maji bado lipo. Sadallah akasema ni faida, mvua haitatuama.

Eunike akaja kutazama. Akaingia. Akaketi. Akanyoosha miguu. Akasema linamtosha na kwamba atakwenda.

Nilimkumbusha kiapo. Akasema yeye hakuapa kitu mwaka 1923. Mwaka 1923 hakujua hata jina langu, na kuna siku anautamani mwaka huo. Nikamwambia hatutasimama. Akasema sawa. Nikamuuliza zawadi ya binti ataitoaje bila kusimama. Akasema ataitupa.

Kinadharia uzito wake utaliweka beseni chini. Nimekubali. Jioni nzima alifanya mazoezi ya kutupa, akitumia viazi, akilenga nguzo ya uani. Kiazi cha nne kilimpata jogoo wa Mwanajuma. Amewika tena.

Jumanne, 17 Agosti.

Eliaichi ameshuka kuuza maharage. Akaniletea habari ya kuudhi: Anaeli amenunua pikapu kwa fedha ya kahawa. Ya buluu! Nikamuuliza anaiendesha mwenyewe? Akasema Anaeli macho yamepungua, anaendesha mwanawe, yeye hukaa mbele na kupungia watu mkono, hata mbuzi. Nikafurahi kidogo.

Akasema pia kwamba Anaeli huwa ananiulizia. Akasema kigoda changu bado kipo kwa Anaeli, katika nyumba aliyokuwa akikaa mama, pale pale penye jiko, ila sasa hulaliwa na kuku. Anaeli hataki kitolewe.

Nikamuuliza, ananiulizia kwa maneno gani hasa? Eliaichi akafikiri. Akasema huuliza: "Yule bado ana hasira?" Naye humjibu: anayo. Basi Anaeli husema haya, tumwache.

Tumwache! Yaani nimengojwa nipoe kama uji!

Nimemwagiza Sadallah aongeze honi. Ameweka mbili.

Jumamosi, 21 Agosti.

Kila kitu tayari. Nimeisugua pikipiki kwa majivu na ndimu. Jambo moja tu lilinikera: kifuniko cha tangi la petroli, cheusi, kimebonyea, nacho kiko mbele kabisa ya tumbo langu, mahali ambapo macho yote yataanguka. Nilitafuta nyumba nzima kitu kinachofaa. Nikapata. Kifuniko cha birika la shaba la Eunike! Kimeingia kama kilizaliwa pale. Kinametameta hata kivulini.

Eunike anakitafuta tangu asubuhi. Nimemwambia afunike birika kwa sahani.

Yeye ameshona kanga ya binti kwenye kifurushi pamoja na sukari, mviringo mzuri wa kutupika. Amepiga pasi gauni lake la Pasaka. Nikamuuliza gauni la Pasaka la nini, kwa kukaa kwenye beseni? Akasema mimi nimevaa tai.

Kesho!

Jumatatu, 23 Agosti.

Jana sikuandika. Naandika leo kwa mpangilio, kwa kuwa Moshi nzima tayari inasimulia bila mpangilio.

Tuliondoka asubuhi baada ya umande. Sadallah aliisukuma pikipiki hadi injini ikashika, akatuombea dua, akaziba masikio. Kiboriloni watu walitoka madukani. Himo walisimama kando ya barabara na kuvua kofia, nadhani kwa Eunike, aliyekuwa akiwapungia mkono kutoka kwenye beseni kama mke wa gavana. Tukakunja kushoto, tukaanza kupanda. Meno ya mashine ya kusaga yalifanya kazi yake. Hewa ikawa ya baridi. Nikasikia harufu ya maua ya mibuni na moshi wa kuni za mruka. Nilikuwa nimesahau kwamba harufu ile ina mahali pake.

Nikamwambia Eunike kwa ukelele: hapa ndipo Marangu inapoanzia! Nikanyanyua miguu.

Hapo hapo tukaingia kwenye shimo, na kifuniko cha birika kikaruka. Nilikiona kikipaa, kikametameta mara moja, kikazama ndani ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na kwenda na maji. Petroli ikaanza kunirukia suruali. Kusimama siwezi. Nikamwambia Eunike azibe tangi, haraka, kwa chochote!

Kwa mwendo wetu aliweza kuchuma kando ya njia bila shida. Lakini alichagua sana. Tulipita migomba, akaiacha. Tukapita mibuni, akaiacha. Nikamwambia jani la mgomba linatosha! Akasema la mgomba huchanika. Akaniomba nisogee zaidi kwenye ua wa kihamba kimoja, nikasogea, akanyoosha mkono akavunja kitawi kizima, akakisokota shina, akalishindilia tundu. Majani yakasimama mbele ya tumbo langu kama bendera. Sikutazama ni majani gani. Mwendesha mashine hutazama barabara.

Lango la Anaeli hilo! Watu wamejaa, nguo nyeupe, nyimbo, mbuzi anachunwa pembeni. Nikapiga honi zote mbili. Nikainua kidevu. Wakatoka nje, kama nilivyokadiria, ukoo mzima!

Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Sura ya nne ya kitabu changu inasema tangi lililozibwa kabisa halipumui, na lisipopumua petroli haishuki. Nilikumbuka sura ya nne nikiwa nimesimama katikati kabisa ya lango.

Beseni halikutuangusha. Hilo liandikwe kwa sifa ya nadharia. Niliketi wima, miguu juu, nikatazama mbele, kama mtu aliyekusudia kupumzika pale. Nikamnong'oneza Eunike atupe zawadi. Hakutupa. Alikiweka kifurushi mapajani, akakunja mikono.

Bibi mmoja akasema kwa sauti nyembamba: "Jamani, Ebenezeri kaleta isale."

Nikashusha macho. Majani marefu, ya kijani, yenye mstari wa njano. Ya ua wa mpaka, ambayo kila mtoto wa Marangu huyajua kabla hajajua kusoma.

Vigelegele!

Anaeli akatoka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kijana wa miaka ishirini na minne mwenye kisu. Alikuja mzee mwenye mvi, mkongojo mkono mmoja, kofia mkono wa pili. Alisimama karibu sana, kwa ajili ya macho yake. Akasema: "Kaka, shikamoo. Mara ngapi nimelichuma jani hili nikafika nalo mpaka Himo! Nikawa nasema, atanifukuza mbele ya watu wa mjini, nikarudi. Nawe umelileta mwenyewe."

Akaviweka chini mkongojo na kofia, akalichomoa kwa mikono miwili. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, na watu wakasema hata mashine imetua mzigo. Akaliinua jani juu. Akatangaza kwamba amenisamehe.

AMENISAMEHE! MIMI!

Nikasema, hicho ni kizibo! Nilisema mara mbili. Mara ya pili vigelegele vilipungua kidogo, na Eliaichi akawaeleza walio karibu kwamba mzee amezidiwa na furaha.

Kisha vijana wakaninyanyua kutoka kwenye mto wangu na kunibeba hadi uani. Kwa hiyo mguu haukugusa. Wakaniketisha kwenye kigoda, kuku akiondolewa kwa nguvu, nami nikaomba cha pili cha kuwekea miguu. Wakadhani magonjwa ya uzee. Nilikaa hivyo hadi jioni. Mbege nilikunywa kidogo tu, kwa sababu ambazo mtu yeyote aliyewahi kuapa kutoshuka chini atazielewa.

Mbuzi akaiva. Anaeli akakata mwenyewe, kwa kupapasa, akaniletea mbavu. Zote, za pande zote mbili. Uani kote watu waliacha kutafuna. Nikauma. Ngumu, ajabu! Miaka thelathini na mmoja nimezitamani, na meno niliyozitamania hayapo tena. Eunike alikuwa na kipande cha shingo, laini, kinaanguka chenyewe kwenye mfupa. Nikamwomba kidogo. Akanipa bila kunitazama.

Halafu Anaeli akasimama. Akasema mbele ya wote kwamba kipande cha ardhi kilicho kati ya mfongo na kahawa ya mama hakijawahi kupewa mtu. Hakupanda kitu pale ila nyasi. Akasema: "Jenga, kaka. Urudi."

Pale ndipo nilipokuwa nikichunga mbuzi wawili wa baba. Nilitaka kujibu, nikajikuta nimeuma tena. Mbavu, bila shaka. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana.

Pikipiki ilikataa kabisa kuwaka. Tukarudishwa Moshi na pikapu ya buluu. Eunike alikaa mbele. Pikipiki ilipakiwa nyuma, nami nikakaa juu yake, wima, kofia kichwani, nikaiendesha vile vile mpaka nyumbani. Himo walivua kofia tena.

Alhamisi, 26 Agosti.

Nimetafakari siku tatu. Hali ni mbaya kuliko ilivyokuwa. Zamani mimi ndiye niliyekosewa. Sasa mimi ndiye niliyesamehewa, na shauri la isale halifufuliwi. Kesi yangu imefungwa kabla sijaifungua! Anaeli lazima aombe radhi kwa kunisamehe bila kosa. Sijaona desturi ya jambo hili, lakini itapatikana. Nimeanza kuitafuta.

Nilimuuliza Eunike kwa nini, katika nyua zote za Marangu, alichuma kwenye ule. Akasema ulikuwa karibu. Nikamwambia migomba ilikuwa karibu zaidi. Akaniuliza kifuniko cha birika lake kiko wapi. Tukaacha mazungumzo hayo.

Sadallah alikuja kuomba maelezo ya safari. Nilimpa yote. Alicheka akalala chini, kisha akaona uso wangu, akasema makosa ni machache na madogo. Kifuniko kipya chenye tundu la kupumulia, hilo dogo. Tangi la pili, hilo dogo. Ubao wa kuwekea mguu upande wa kulia, mpana kama kizingiti, ili mtu akae hata siku nzima bila kushuka. Nimeagiza vyote.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi. Nilitoa kiti nje nikautazama mpaka mawingu yakaufunika, vilele vyote viwili. Watu wa Marangu hawauoni hivi. Wako ndani yake, wana migomba machoni. Mimi nimeuona mzima kila asubuhi iliyo safi kwa miaka yote hii, kutoka mahali pa mbali panapofaa, na nadhani nikihamia kule nitaukosa.

Eunike amenunua mbegu za maharage. Anasema ardhi ikipewa mtu isipopandwa ni dharau, na mvua za vuli haziko mbali. Atapanda yeye, katika kile kipande cha kati ya mfongo na kahawa, na atakipalilia kila wiki. Nikasema ni haki yake, yeye hakuapa. Akasema anahitaji mtu wa kumpeleka.

Nitampeleka. Kila Alhamisi, mpaka langoni. Nitamngoja barabarani, juu ya mto wangu, miguu kwenye ubao, injini ikiwaka. Anaeli, asema Eunike, ataniletea chai pale pale, na kigoda chake, ili tusikae kimya. Sikuona sababu ya kumkataza. Barabara si yangu.

Lakini kurudi Marangu, sitarudi.